Betri ya Saba

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimeishi Garissa miaka ishirini na saba, na kabla sijafika nilikuwa nimeshaona yangu. Nilikuja kutoka upande wa Mwingi juu ya magunia ya vitunguu, darasa la tano nimeliacha katikati, viatu nimevishika mkononi visichakae. Nimebeba saruji, nimekoroga zege, nimelala katika maghala ya watu. Leo ukisimama barabara kuu ukauliza nani alitengeneza milango ya chuma ya nusu ya maduka unayoyaona, utaelekezwa kwenye karakana yangu. Kwa hiyo mtu akiniambia ana jambo la kunishangaza, huwa namwambia asijichoshe.

Hata hivyo kuna siku tatu katika maisha yangu nilizokaa juu ya debe la mafuta lililopinduliwa, mdomo wazi, nikimtazama mwanamke akipanga betri. Hizo siku tatu naziandika hapa kama zilivyokuwa, pamoja na sehemu ambazo mtu wa cheo changu angeziruka.

Kwanza mjue kwamba betri za drili si jambo geni kwangu. Zamani, enzi za betri za nikeli, mimi ndiye niliyekuwa daktari wake mji huu. Betri ikifa, fundi alikuwa ananiletea. Nilichukua nyaya mbili kutoka betri ya gari, nikazigusisha kwenye vichwa vya ile mfu kwa muda wa kupiga chafya, tap, tap, na mfu akafufuka. Watu walikuja kutoka Modogashe, walikuja kutoka Dadaab. Hakuna aliyenifundisha. Niligundua mwenyewe kwa hasira, siku drili yangu ilipozima ghafla mbele ya mteja.

Halafu zikaja hizi za kisasa, za lithiamu, nyepesi na zenye nguvu za kushangaza wengine. Nilinunua kumi na mbili za aina moja, pamoja na drili mbili na grinda. Mji mzima ulijua.

Betri hizo ndizo zilizonipatia kazi ya kisimani, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Eldas. Kamati ya kisima ilitaka kivuli cha mabati juu ya mabirika ya kunyweshea mifugo, na fremu ya kushikilia paneli za sola za pampu mpya. Makandarasi wawili walikuwa wamekataliwa kabla yangu, na sababu ilikuwa jenereta. Mwaka fulani jenereta ilikohoa wakati wa kunywesha, ngamia waliokaa siku nyingi bila maji wakatimua mbio, na jike mmoja mwenye mimba akaanguka akavunjika mguu. Tangu siku hiyo hakuna injini ya kunguruma pale mifugo inapokunywa, na wakati wa kiangazi mifugo hunywa tangu alfajiri hadi magharibi.

"Vyombo vyangu havina waya wala mngurumo," niliwaambia wazee wa kamati.

Mwenyekiti wao, mzee mwembamba mwenye ndevu za hina, aliipokea drili akaigeuzageuza.

"Na vikilala?"

"Vyangu havilali, mzee."

"Wallahi?"

"Kabisa."

Fremu zote nilizikata na kuzichomelea huku Garissa, ili kule ibaki kutoboa, kufunga bolti na kukaza skrubu za mabati. Nilipanga vizuri. Kitu kimoja tu sikukipanga, nacho ni jua. Betri nilizipanga juu ya mabati, ndani ya pikapu, kama mikate. Ikitoka kwenye drili ikiwa moto naichomeka kwenye chaja ya sola hapo hapo, ikitoka kwenye chaja ikiwa moto nairudisha kwenye drili. Siku ya pili adhuhuri, betri tisa kati ya kumi na mbili zilikataa. Chaja ikawa inapepesa taa nyekundu na kijani, nyekundu na kijani, kama inanikonyeza.

Mwenyekiti alikuja taratibu, fimbo mabegani.

"Zimelala?"

"Zimechoka kidogo, mzee."

"Haye. Kuchoka sisi tunakujua." Akahesabu kwa vidole. "Mfungo unaanza baada ya siku nane. Kivuli kisimame kabla. Kisiposimama, utarudisha tulichokupa, tutatafuta mtu mwingine. Hatukasiriki."

Afadhali wangekasirika. Habari za kisimani hufika Wajir kabla ya gari, na kutoka Wajir hufika Garissa kabla ya abiria kushuka. Hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza nje ya mji kwa jina langu mwenyewe. Jina langu ndilo nililolijenga kwa miaka ishirini na saba, na sasa lilikuwa limelala pale juu ya mabati pamoja na zile betri tisa.

Nilipiga simu. Garissa hakukuwa na duka lenye aina yangu. Nairobi waliniambia wiki mbili. Nikatia tisa zilizokufa kwenye gunia, gunia nikalitupa nyuma ya pikapu, nikarudi Garissa, mwendo wa siku nzima na nusu. Nilipofika, fundi wa umeme wa magari, jirani yangu wa karakana, alichungulia ndani ya gunia akasema, "Peleka kwa mama wa betri, nyuma ya wauza vitambaa."

"Mama wa betri?"

"Nenda tu, bwana mkubwa. Ukishacheka utarudi uniambie."

Nilimkuta amekaa nyuma ya meza ndogo kati ya marobota ya madera. Mwanamke wa rika langu, labda ananizidi kidogo, mtandio mpana, miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi. Mezani palikuwa na mita ya kupimia umeme, bisibisi, chupa mbili za rangi ya kucha na sinia la mchanga. Chini ya meza palikuwa na ndoo ya plastiki iliyojaa mchanga pia. Nikamwaga betri zangu mbele yake, nikasubiri ashtuke kwa wingi wake. Hakushtuka. Alizigusa moja moja kwa upande wa nyuma wa kiganja, kama mama anayepima homa.

"Hii yote natoka wapi?" aliniuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha njia za mkato, lakini hakikuwahi kunipoteza.

"Karibu na Eldas."

"Kwa gunia?"

"Kwa gunia."

"Nyuma ya gari, kwa jua?"

"Kwani ningeziweka wapi, mama?"

"Wewe nabeba maziwa hivi?"

"Mimi sibebi maziwa."

"Ndiyo maana," akasema, akavua miwani.

Akaniambia anaenda kuswali adhuhuri, nisiguse kitu. Sasa, mtu akishakuwa daktari kwa miaka mingi, hawezi kukaa na wagonjwa tisa asifanye lolote. Chini ya meza niliona betri ya gari anayoitumia kazini, na nyaya zake. Nikawaza, nimwamshie moja, akirudi aone na yeye amekutana na nani. Nikachukua betri moja, nikagusisha. Tap. Haikuamka. Tap tena, safari hii nikashikilia.

Ilianza kwa sauti ndogo ya kuzomea. Halafu moshi mweupe, mzito, wenye harufu ya kukaba koo, halafu ulimi wa moto kama wa jiko la gesi. Niliirusha. Ikaangukia kwenye kitambaa kilichoning'inia cha muuzaji wa jirani, ikatoboa shimo la ukubwa wa sahani, ikadondoka chini ikazunguka inatapika moto. Yule jirani, mama mnene mwenye sauti, alivuta kitambaa chake huku akinipa maneno ambayo Kisomali changu kinayafahamu vizuri, kwa sababu ndiyo niliyojifunza kwanza. Mimi nilitafuta maji, nikadaka kopo lililokuwa karibu. Mkono ukanipita pembeni, ukaninyang'anya kopo la maji, na ndoo ya mchanga ikamwagwa juu ya ule moto. Ndoo yenyewe ilikuwa imegusana na betri, ikayeyuka upande mmoja.

Mwenye mkono alikuwa mama wa betri. Alikuwa amerudi.

"Umemaliza?" aliniuliza.

Nilizirudisha nyaya chini ya meza.

"Mchanga hii naweka kwa sababu ya fundi," alisema, akikung'uta mikono. "Wateja wengine hawana shida."

Jirani akaangua kicheko, kitambaa chake kilichotoboka mkononi. Nami nilijua ningeambiwa niondoke. Badala yake mama aliinua betri nyingine, akaifungua kwa bisibisi ya nyota, akanisogezea niione ndani. Betri hizo nimezimiliki na kujivunia, lakini sikuwahi kuona tumbo lake. Mlikuwa na seli kumi, nene kama kidole gumba, zimeshikamana kwa vipande vya bati jembamba linalong'aa.

"Hapa iko kumi," alisema. "Moja nachoka, chaja naona yeye peke yake, nakataa wote. Tisa nangoja mmoja. Wewe nasema betri imekufa. Haijakufa. Ile umechoma sasa hivi, pengine tisa walikuwa wazima."

Nilimwambia habari yangu yote: kisima, wazee, siku zilizobaki. Alisikiliza akiendelea kufungua. Mwisho akasema kazi ni siku tatu, na kwamba sitaondoka, nitakaa hapo nifanye naye. Nilimwambia nina karakana na wafanyakazi. Akasema betri ni zangu, mtu mwingine hawezi kuzijua kwa niaba yangu. Ndipo nilipopewa lile debe.

Siku ya kwanza tulizitenganisha seli themanini kutoka betri nane zilizobaki. Aliondoa yale mabati membamba bila haraka, kwa koleo, asiitoboe ngozi ya seli. Nyingine alizitupa kando baada ya kuzipima mara moja, zilizoshuka kupita kiasi. "Hii ukiamsha kwa nguvu, inakuja kukuua baadaye," alisema, akinitazama juu ya miwani. Zilizobaki alizijaza umeme kidogo kidogo, polepole, na kila moja ilipofika kiwango alinifanya niandike namba kwenye kipande cha tepu na kuibandika. Mwandiko wangu ni wa darasa la tano lisilokwisha. Namba zangu zililala huku na huku. Nilimuuliza kwa nini yeye asiandike, mikono yake ni myepesi.

"Hii si ya mimi. Mimi nakumbuka. Ni ya wewe."

Nilidhani anajigamba, na mimi najigamba vizuri kuliko watu wengi, kwa hiyo nilimjaribu. Nilifunika tepu moja kwa kidole nikamuuliza. Akataja namba. Nikafunika nyingine, ya mwisho kabisa. Akataja. Nilifunika tano. Hakukosea hata moja.

Jioni alizilaza zote katika sinia la mchanga kwa mistari, akazifunika kwa kitambaa. "Wanalala," alisema. "Kesho tunaona nani amekonda."

Asubuhi tulipima tena, na kweli, kuna zilizokuwa zimekonda zenyewe, namba zimeshuka bila kufanya kazi yoyote. Hizo zikapata nukta nyekundu ya rangi ya kucha na kuwekwa kando. Zilizosimama imara alizifunga moja moja kwenye balbu ya gari, ikawa inawaka hafifu kama kaa, naye anatazama mita inashuka kiasi gani. Zilizoshuka kidogo zilipata nukta nyeupe. Nilimuuliza amejifunza wapi. Akaniambia kwao walikuwa na mbuzi na ngamia, na mbuzi huwekwa alama sikioni. Baadaye alikaa katika kambi ya wakimbizi ya Hagadera akiwa na meza ya kuchajia simu, paneli moja na betri kuukuu za magari. Kilichokufa alikifungua, kilichomshinda alikifungua tena. Shule yake ilikuwa hiyo. Yangu ilikuwa ndefu kuliko ya kwake kwa karibu miaka mitano, na sikulisema hilo.

Siku ya tatu nikamfanyia ubishi. Alikuwa amechanganya seli za betri tofauti, za hii na za ile, nami nikamwambia kila betri irudishiwe watoto wake. Ndivyo ninavyofanya na kufuli na funguo, kila kimoja na chake.

Aliacha kazi, akaweka koleo chini.

"Kiangazi ile kubwa, sisi tulibaki na mbuzi tisa," alisema. "Shangazi alibaki na sita. Jirani na kumi na moja. Hakuna mtu iko na kundi. Sasa wewe utafanya nini? Kila mtu na yake? Tuliunganisha. Hatukuuliza hii ya nani. Tuliuliza nani natembea. Wanaotembea walienda mbali, kwa majani. Waliochoka walibaki nyumbani na watoto. Ukichanganya, mzima nangoja mgonjwa, wote nakufa njiani."

Akairudisha mikono kwenye seli. Nilimtazama akichagua kumi zinazofanana, namba kwa namba, akizigeuza hadi nukta nyeupe zote zikaelekea upande mmoja. Akakanyaga kikanyagio cha mashine ya kuchomelea aliyoiunda mwenyewe kutoka swichi ya stata ya lori; tak, na bati likashika kwenye seli bila kuipasha moto. Tak, tak. Nimeona wachomeleaji wengi, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza wao, lakini sijaona mkono uliotulia vile. Hakuna doa lililopotoka hata moja.

Zilipatikana seli nzima sitini na tatu. Betri sita, na tatu zikabaki juu ya meza. Nilizitazama zile tatu, naye akanitazama. Hesabu hiyo hata wa darasa la tano anaijua. Kama zile seli tisa nilizochoma zingeongezwa kwenye tatu, kungekuwa na betri ya saba.

Zenye nukta nyekundu aliziunda taa mbili ndogo zenye mpini wa bomba, akanipa. "Kisima yote iko na wanawake wa maziwa. Wape hii. Waambie betri ni maziwa, wao watajua. Ikitoka moto kwa drili, isiingie kwa chaja mpaka ipoe. Usimalize nguvu yote mpaka chini kabisa. Kazi ikiisha, ukiweka nyumbani, weka nusu, si imejaa, si tupu."

Zile sita zilisafiri ndani ya chombo cha plastiki kilichofungwa vizuri, kisha gunia lililoloweshwa likazungushwa nje, chini ya kiti, kama mitungi ya maziwa ya ngamia inavyofungwa kwa safari ya mchana. Miaka yote hiyo nimepishana na ile mitungi barabarani nikadhani magunia yamelowa kwa bahati mbaya.

Nilifika kisimani zikiwa zimebaki siku mbili. Wanawake wa maziwa walikuwa na kibanda cha matawi chenye kivuli kizito. Niliwapa taa, nikarudia maneno niliyopewa, wakacheka, lakini walielewa upesi kuliko mimi. Mmoja, bibi mwenye meno machache, akajiteua kuwa mlinzi. Betri ikitoka kwa drili nilimpelekea, akaiweka chini kwenye mchanga wa kivulini, akaigusa kwa nyuma ya kiganja. Nikija kuichukua mapema ananizuia kwa fimbo.

"Bado, fundi."

"Mama, nina haraka."

"Ngamia pia ana haraka. Amepanga foleni."

Ngamia walikuja kwa zamu, wengi, shingo juu. Drili ilipovuma mara ya kwanza, vichwa vyote viliinuka kutoka kwenye birika. Mwenyekiti alishika fimbo kwa mikono miwili. Nikaachia, nikangoja, nikabonyeza tena taratibu. Jike mmoja alinitazama kwa muda mrefu, kisha akarudisha mdomo majini, na wengine wakamfuata.

Kufikia alasiri ya siku ya mwisho, betri tisa, sita mpya na zangu tatu za zamani, zilikuwa zote zimelala kwenye mchanga wa bibi, za moto na za njaa. Yalibaki mabati mawili. Matundu nilikuwa nimeshayatoboa, skrubu thelathini na mbili bado. Nilimwomba bibi moja tu. Akaigusa, akatikisa kichwa. Ningeweza kuinyakua, mimi ni mtu mzima mwenye nguvu. Lakini nilikumbuka ulimi ule wa moto, na nikakumbuka seli tatu juu ya meza. Kama ile ya saba ingekuwapo, ningekuwa nimemaliza nusu saa iliyopita.

Nikachukua spana, nikapanda juu ya fremu, nikakaza skrubu thelathini na mbili kwa mkono. Viganja vilichubuka kama vya yule kijana wa saruji niliyekuwa. Ya mwisho ilishika jua likiwa limebakiza upana wa vidole viwili. Niliposhuka mwenyekiti alikuwa amesimama chini ya kivuli, akitazama juu.

"Havilali," alisema.

"Vinalala, mzee. Vinaamshwa kwa adabu."

Niliporudi Garissa nilienda moja kwa moja nyuma ya wauza vitambaa. Ile betri niliyoichoma alikuwa ameining'iniza kwa waya juu ya meza, nyeusi, imepasuka. Nilimwomba aniuzie. Alikataa. Akasema tangu aitundike hakuna fundi anayegusa nyaya zake, na wakiuliza ni ya nani anawaambia ni ya fundi mkubwa sana wa mji huu. Hapo hakusema uongo.

Nilimuuliza deni langu, na kabla hajajibu nikamtumia elfu ishirini kwa simu, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo. Simu yake ikalia. Akavaa miwani, akasoma, akanitazama kama alivyotazama gunia langu siku ya kwanza.

"Betri sita, moja elfu na mia tano," alisema. "Kitambaa ya jirani, elfu moja mia tatu hamsini. Ndoo yangu, mia mbili themanini. Taa ni seli zako, hiyo bure."

"Mama, nyingine chukua. Ni heshima."

"Heshima iko kwa betri. Weka kivulini."

Simu yangu ikalia mfukoni. Alikuwa amenirudishia zilizozidi, hadi shilingi ya mwisho. Nilihesabu mwenyewe nikiwa nimesimama pale, kwa vidole vilivyochubuka, na hesabu ilikubali: alichobaki nacho ni shilingi elfu kumi, mia sita na thelathini.